Moyo Ulioachwa Mtini: Ngano za Ulimwengu katika Madarasa ya Kisangani

Ufundishaji wa ngano za mataifa mbalimbali kwa wanafunzi wachanga aghalabu hufuata njia mbili, na zote zina kasoro. Ya kwanza huzipanga ngano kama bidhaa sokoni: moja ya India, moja ya Ufaransa, moja ya Afrika. Ya pili hukimbilia funzo: mtoto huulizwa ngano inafundisha nini, hujibu kwamba rafiki mbaya ni hatari, na kipindi humalizika. Kote huko husahauliwa kwamba ngano ina msimulizi, na kwamba msimulizi huchagua.

Kisangani ni mahali pafaapo kulichunguza suala hili. Mtoto wa mji huo hukua kando ya mto Kongo akisikia Kiswahili, Lingala na Kifaransa, mbali na lugha za wenyeji kama Kilokele. Kiswahili chenyewe kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa; mwaka 1887 Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alifanywa liwali wa Stanley Falls, kama kituo hicho kilivyoitwa wakati huo. Ngano ya Zanzibar ikisimuliwa Kisangani, basi, si ngeni kabisa wala si ya nyumbani kabisa.

Mfano bora ni "Kisa cha Punda wa Dobi", kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar. Kima humtupia papa matunda ya mkuyu hata wakawa marafiki. Papa humchukua kwenda kwao, na wakiwa katikati ya bahari humwarifu kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hujibu kwamba moyo ameuacha mtini. Hurudishwa pwani, naye akaokoka.

Ngano hii ina ndugu wengi. Katika Panchatantra ya India mwenzake kima ni mamba. Katika Kalila na Dimna, iliyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa karne ya 8, ni kasa. Huko kote chanzo cha hila ni mke wa mnyama wa majini. Zanzibar mke ametoweka na mahali pake ameketi sultani: usaliti wa nyumbani umegeuka kuwa amri ya dola. Hata hivyo haifai kudai haraka kwamba utawala wa Zanzibar ndio uliozaa badiliko hilo, kwani Korea nako mfalme wa bahari ndiye mgonjwa, naye hutaka ini la sungura. Lililo dhahiri ni kwamba badiliko hilo huzaa swali jipya: je, papa aliyetumwa ana hatia? Katika mji ambamo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Juni 2000, swali la hatia ya aliyetumwa si la vitabuni tu, na mtoto anaweza kulijadili.

Mwalimu, basi, hana budi kuuliza "nani amebadilisha nini?" kabla ya kuuliza "tunajifunza nini?" Kisha wanafunzi waisimulie upya kwa lugha waliyoizoea, papa akiwa mamba wa mto wao, na waamue wenyewe nani anaumwa. Yawezekana kupinga kwamba ngano itaharibika. Lakini kwa kubadilishwa ndipo imefika hapa ilipo. Na si kila badiliko hufaa, kwani kima akishinda kwa nguvu, ngano imekufa. Kuligundua hilo ndiko kuhakiki.

Kosa kubwa zaidi ni kukata sehemu ya mwisho ili kuokoa muda. Papa anaporudi kumbembeleza, kima humsimulia habari za punda wa dobi, aliyeponyoka makucha ya simba, akashawishiwa kurudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio yake, akadai kwamba punda huyo hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi. Uongo ulimfikisha kima nchi kavu. Ngano ndiyo iliyombakiza huko. Mwanafunzi asiyefikishwa hapo amepewa funzo la kukariri, wala hakuonyeshwa kwamba hata yeye anaweza kukataa kwa kusimulia.