Mchango au Jasho? Uhakiki wa Lugha ya Majarida ya Wanafunzi wa Sheria

Majarida ya sheria yanayohaririwa na wanafunzi wenyewe yana historia ndefu ng'ambo, na suala la jinsia limepata humo nafasi yake. Wanafunzi wa Harvard walianzisha jarida la sheria na wanawake mwaka 1978. Mwaka 2005 jina lake likabadilishwa, neno la jinsia likachukua mahali pa neno la wanawake. Nchini Kenya, Strathmore Law Review, lililoanza kutoka mwaka 2016, ni mfano wa juhudi hiyo hiyo. Hapana shaka kwamba kazi hii yastahili sifa. Mhariri kijana huthubutu kuuliza jambo ambalo mkubwa wake amekwisha kulizoea.

Hata hivyo, majarida ya namna hii huandikwa kwa Kiingereza, na desturi hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Cheche, jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam lililotoka mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka 1970, lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini makala yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Kwa kawaida lawama inayotolewa hapa ni kwamba wananchi hawasomi majarida hayo. Lawama hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Hasara kubwa zaidi imo katika uchambuzi wenyewe: suala la jinsia likitazamwa kwa Kiingereza peke yake, baadhi ya sehemu zake hazionekani.

Mwandishi wa Kiingereza hutaabika na viwakilishi, kwa kuwa lugha hiyo hutenga cha mwanamume na cha mwanamke. Kiswahili hakina taabu hiyo: "yeye" ni mmoja, na kiambishi "a-" hakichagui. Lakini haifai kudhani kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili hakina upendeleo. Upendeleo umejificha katika kitenzi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Mume hutoa talaka, mke hupewa. Kifungu cha 45(3) cha Katiba ya Kenya ya 2010 chawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Mwanafunzi anayekifafanua kwa Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa wote wawili, asigundue kwamba sarufi ya wasikilizaji wake imekwisha kumfanya mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Kauli ya kutendana, "kuoana", ipo. Ni nani atakayeijadili, ikiwa si jarida la vijana hawa?

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yagawa mali kwa kadiri ya kile ambacho kila mmoja amekitia, na kwa kawaida jambo hilo hufasiriwa kuwa "mchango". Katika tafsili ya sheria hiyo, kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba, hata usuhuba, yote yamo. Lakini mchango, kwa mazoea ya matumizi, ni fedha. Ni mchango wa harusi, wa matanga, wa harambee: hutolewa, huandikwa daftarini, na jina la mtoaji husomwa.

Basi na achukuliwe mama wa Mwakirunge, huko Kisauni, penye jaa kubwa la taka za Mombasa. Huenda jaani alfajiri kuokota plastiki na chuma chakavu. Zinazopatikana hununua unga, naye mumewe hununua mabati. Ndoa ikivunjika na akaulizwa mchango wake katika nyumba, huenda akajibu kwa unyofu kwamba hakuchanga kitu. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa wanandoa hauleti nusu kwa nusu wenyewe. Kila mmoja sharti athibitishe alichotia. Kwa hiyo neno moja laweza kumpotezea mama huyu nyumba.

Neno lililo karibu naye ni "jasho". Husemwa, "hii ni jasho langu", na hakuna anayedai daftari. Maana hiyo haiko mbali na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, mwaka 1983, iliyokubali kwamba kazi za nyumbani za mke zahesabiwa katika juhudi za pamoja za kuchuma mali. Lakini jasho nalo lina kasoro: halienei usuhuba. Mjadala wa namna hiyo ndio kazi ya jarida.

Yasisemwe kwamba Kiswahili hakiwezi. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha jinsi wanawake wanaotarajiwa kuvumilia kimya wanavyosimulia madhila yao kwa Kiswahili mbele ya Kadhi, na mara nyingi wakashinda. Tanzania nayo, mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Lililobaki ni dogo. Kila toleo liwe na makala yaliyotungwa, si kufasiriwa, kwa Kiswahili, wanafunzi wa sheria wakishirikiana na wa lugha. Na kabla ya kuchapwa yasomwe kwa sauti Mwakirunge. Pale msikilizaji atakapouliza, "Mchango gani?", ndipo uhariri unapoanza.