Wakala, Kifubaza na Dawa: Uhakiki wa Istilahi za Polifenoli

Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuka mwishoni mwa 2019, yametafsiriwa maandishi mengi kuhusu polifenoli, yaani kemikali za mimea zipatikanazo katika majani ya chai, vitunguu, manjano na magome yenye tanini, na uwezekano wa kemikali hizo kuvizuia virusi vya korona. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno matatu ya tafsiri hizo, kwa kuwa kasoro zake zaweza kumdhuru mgonjwa.

La kwanza ni "wakala". Wafasiri huandika "mawakala wa kupinga virusi". Katika Kiswahili wakala hutenda kwa niaba ya mwingine, kama wakala wa bima. Tanini haikutumwa na mtu. Matumizi haya ni kivuli cha Kiingereza, na yafaa yaachwe.

La pili ni "uwezo". Mtafiti asemapo kwamba kemikali fulani huenda ikafaa, mfasiri huandika kuwa "ina uwezo" wa kupambana na virusi. Shaka ya mtafiti imegeuzwa kuwa ahadi.

La tatu, na lenye hatari zaidi, ni "dawa". Mwaka 2005 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba asidi ya taniki na teaflavini za chai nyeusi huzuia kimeng'enya ambacho virusi vya SARS hukitumia kukatia protini zake. Tangu 2020 matokeo ya namna hiyo yamepatikana kwa polifenoli kadhaa dhidi ya virusi vya UVIKO-19. Lakini hayo ni matokeo ya vyombo vya maabara. Polifenoli nyingi hushikamana na protini za kila aina bila kuchagua, na zikinywewa ni kiasi kidogo tu kifikacho katika damu. Hadi sasa Shirika la Afya Duniani halijapendekeza hata moja kuwa tiba ya UVIKO-19. Nirmatrelviri nayo huzuia kimeng'enya cha namna hiyo hiyo. Lakini ilijaribiwa kwa wagonjwa, na Aprili 2022 Shirika hilo liliipendekeza, pamoja na ritonaviri, kwa walio katika hatari kubwa ya kulazwa hospitalini. Hiyo ndiyo dawa. Kuviita vyote viwili kwa jina moja ni kumwambia mgonjwa kwamba birika la chai latosha.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Dawa za UKIMWI huitwa dawa za kufubaza makali ya virusi, kwa kuwa haziponyi bali hupunguza nguvu, na wananchi wamelielewa neno hilo vyema. Kwa hiyo twapendekeza ngazi tatu: "kizuia kimeng'enya" kwa kitu kilichofanya kazi chomboni, "kifubaza virusi" kwa kilichopunguza kuzaliana kwa virusi ndani ya seli, na "dawa" kwa kile tu kilichothibitishwa kwa wagonjwa.

Huenda ikasemwa kwamba ngazi hizi zitamchosha msomaji wa kawaida. Msomaji huyo ndiye atakayeamua kwenda zahanati au kubaki nyumbani. Mwalimu darasani, na mtumishi wa serikali aandikaye tangazo la afya, wanapaswa kumpa neno lisilozidi ushahidi.