Mnara wa Kisumu na Sisi wa Clairwood



Mwaka 2014, Masingasinga wa Kisumu walisimamisha hadharani mnara wa kuadhimisha miaka mia moja ya jamii yao mjini humo. Baadhi ya wakazi waliuita kazi ya shetani, wakaushambulia, na hatimaye ukaondolewa. Juzi, barazani kwetu hapa Clairwood, mwenzetu mmoja alisifu ubomoaji ule. "Sanamu ni haramu," akasema, "walifanya vyema." Nilinyamaza, maana nilikuwa mgeni wa watu. Leo namjibu.

Mimi ni Mwislamu, na sanamu siweki nyumbani kwangu. Lakini shtaka lile halina msingi. Dini ya Masingasinga yenyewe inakataa kuabudu sanamu. Alama yao, yenye panga mbili, upanga wa makali mawili na duara, haisujudiwi, kama vile mwezi na nyota juu ya msikiti wetu usivyosujudiwa.

Hata hivyo, walalamikaji walikuwa na swali moja la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hakuna dini ya taifa. Basi nani aweke alama ya imani yake mahali pa wote, na kwa idhini ya nani? Swali hilo lilistahili kikao, si nyundo.

Kwa jicho la uhandisi nasema hivi: jengo hushikwa na msingi, na msingi wa mnara wa ukumbusho ni watu wanaoupita kila siku. Mafundi wa Kisingasinga walikuwa miongoni mwa waliotoka Punjab kujenga reli iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ukitanguliza alama ya imani, unazungumza na waumini wako. Ukitanguliza reli, nyundo na msumeno, hata Mjaluo ambaye babu yake alifanya kazi relini atasimama asome.

Sasa tazameni hapa tulipo. Katika barabara ya Sirdar lipo hekalu la Kihindu la Siva Soobramoniar. Wahindi wengi wa Clairwood waliondolewa, viwanda na malori vikachukua nafasi ya nyumba zao, lakini hekalu likabaki. Sisi Waislamu na Wakristo tunalipita kila siku, na imani ya mtu haijapungua.

Karibu nasi, King's Rest kule Bluff, waliishi wale walioitwa Wazanzibari, watumwa waliokombolewa baharini na kuletwa Durban kuanzia mwaka 1873. Walitunza Uislamu wao katikati ya watu wa dini nyingine. Walipohamishiwa Chatsworth miaka ya 1960, aliyewahamisha hakuwa jirani wa dini nyingine. Ilikuwa sheria ya ubaguzi, iliyoamua nani ana haki ya kuonekana wapi.

Na Chatsworth hiyo hiyo, Aprili 2015, ilikuwa na kambi ya wageni waliokimbia mashambulizi mjini Durban. Walikuwa Waafrika kama sisi. Waliowafukuza hawakuuliza dini. Waliuliza tu: hawa wametoka wapi, na wanafanya nini kwetu?

Ndugu yangu wa barazani, swali hilo ndilo lililojificha ndani ya nyundo ya Kisumu. Ukilishangilia kule, utalijibuje likigonga mlango wako hapa?

Wasalaam.