Sifa ya Muulizaji

Hapana elimu inayodharauliwa kwa wepesi kama elimu ya kuchunguza maisha ya watu, kwa kuwa kila mtu, maadamu anaishi, hujiona alimu wa maisha. Tabibu akitaja ini, twanyamaza. Lakini mtaalamu wa jamii akitaja ndoa, bei ya unga au ugomvi wa mirathi, hata aliyekuwa akisinzia barazani huinua kichwa akatoa hukumu kabla maneno hayajesha. Ni dhuluma ndogo, nami nataka kuipunguza kwa habari moja ya Kilimanjaro.

Miteremko ya mlima ule, kama ajuavyo kila aliyeipita, ni neema juu ya neema: mifereji ya maji kati ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yazungukayo nyumba, migomba iliyosongamana, na chini ya kivuli chake mibuni, ambayo kwa zao lake Wachaga waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, watoto wa Wilaya ya Moshi walikuwa wakipelekwa hospitali kwa unyafuzi, nyuso zimevimba, nywele zimepauka, na mguu ukibonyezwa kwa kidole wabaki na kishimo. Jawabu la aghalabu lilikuwa tayari, nalo lilipendeza kwa kuwa halimgharimu kitu mwenye kulitoa: mama zao hawajui lishe, wafundishwe.

Marja-Liisa Swantz, bibi wa Kifini aliyepata kufundisha wasichana huko Ashira, Marangu, katika miaka ya 1950, pamoja na wenzake Henricson na Zalla, hawakuridhika na jawabu hilo, na mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa uchunguzi wao juu ya sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo wilayani humo. Waliutazama mpango wa nyumba nzima kabla ya kukilaumu chungu. Kahawa ilikuwa mali ya mume: ndiye mwanachama, ndiye mpokea malipo. Ndizi zilikuwa za mke, na pamoja nazo mzigo wa chakula cha kila siku. Ng'ombe, kwa uhaba wa malisho, alifungwa ndani, na mke ndiye aliyeshuka tambarare kumkatia majani, akayapandisha mlimani kichwani. Kihamba nacho kiligawanywa kwa wana wa kiume kizazi baada ya kizazi hata kikapungua mno, na mwanamke aliyekosa ardhi na mume wa kumtegemea alikwenda kibarua, mtoto akilelewa na mtoto mwenziwe. Kwa nyumba kama hiyo, somo la faida za maziwa lilikuwa karibu na kejeli.

Nausifu ustadi huu hususan kwa namna unavyouliza. Mwulize mama mbele ya mumewe kama watoto hunywa maziwa, atakujibu kwamba hunywa, maana haya na adabu vyamlazimisha. Fuatana naye njia ya majani, ujitwishe japo mzigo mdogo, naye huenda akakwambia bila kuulizwa maziwa ya asubuhi yaliuzwa kwa nani, na fedha yake ililipa deni gani. Kisha yampasa muulizaji aende nyumba kwa nyumba, alinganishe zenye wagonjwa na zisizo nao, kwani kisa kimoja, hata kikiliza watu, si ithibati.

Watasema wengine kwamba hayo mama wa Kichaga waliyajua siku zote. Naam, waliyajua, lakini kila mmoja aliweza kudhani kuwa mashaka yake ni ya nyumba yake tu, na maarifa yaliyotawanyika hivyo hayafiki barazani kwa wenye kugawa fedha za serikali. Katika mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka uo huo wa 1975 upande wa Bagamoyo, Swantz na wenzake waliendelea mbele zaidi, wakawataka wanakijiji wenyewe wawe wachunguzi pamoja nao. Wako wasioipenda njia hiyo, wakichelea kwamba aliyekula na watu hatawahesabu kwa haki. Hofu yao si ya bure. Lakini kama shauri lingekuwa langu, ningemtuma huyo huyo aliyekula nao, kisha nikamwekea karani mkali wa kuhakiki hesabu zake.