Istilahi ya "Sanaa za Maonyesho" Mbele ya Ngoma za Usukuma: Mchango wa Penina Muhando Mlama

Istilahi nyingi huingia katika lugha pasipo watumiaji kuuliza ni nani aliyezipa maana na kwa hoja gani. "Sanaa za maonyesho" ni mojawapo. Mwalimu huiandika ubaoni, afisa utamaduni huitia katika taarifa yake, na mfasiri huikimbilia kila akutanapo na neno la kigeni lihusulo jukwaa. Katika makala haya tunakusudia kuipima istilahi hiyo kwa kuiweka mbele ya mambo yatendekayo Usukuma, yaani katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Papo hapo tutapima mchango wa mwandishi aliyefanya kazi kubwa ya kuifafanua, Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Penina Mlama.

Wasomaji wengi humjua kwa tamthilia zake, kama vile Hatia (1972), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Aliziandika kwa Kiswahili, hali akifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako masomo mengi yalikuwa, na bado ni, kwa Kiingereza. Uamuzi huo peke yake ni mchango mkubwa kwa lugha. Lakini upo mchango wa pili ambao husahauliwa upesi. Mwaka 1976 yeye na Ndyanao Balisidya walitoa kitabu Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Humo walieleza kwamba sanaa ya maonyesho ni dhana iliyotiwa katika tendo, na kwamba huhitaji mambo manne: dhana yenyewe, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji.

Ili kuona thamani ya fasili hiyo yafaa tukumbuke kipimo kilichokuwapo kabla yake. Neno "drama" lilikuja na jukwaa, pazia na maandishi ya kukariri. Jamii isiyokuwa na pazia ilihesabiwa kuwa haina sanaa hiyo; ilikuwa na "ngoma tu". Waandishi hawa wawili hawakutafuta neno la Kiswahili la kuvalisha dhana ya Ulaya. Waliipanua dhana yenyewe, hata utambaji wa hadithi, majigambo, sherehe za jando na unyago, na ngoma zenye kubeba maana vikapata nafasi ndani yake. Katika Nguzo Mama mwandishi aliitenda nadharia hiyo: Bi Msimulizi anayetuongoza katika mchezo ule ni mtambaji wa hadithi aliyepandishwa jukwaani pamoja na desturi zake. Hapo istilahi na kazi ya sanaa vilisaidiana, jambo ambalo ni adimu.

Sasa tuijaribu fasili hiyo Usukuma. Wasukuma huiita ngoma ya kucheza mbina. Katika mashindano ya baada ya mavuno, makundi mawili yenye uhasama wa jadi, Bagalu na Bagika, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na kila manju akijitahidi kuvuta umati. Kundi lenye watu wengi zaidi ndilo mshindi. Mambo manne yote yamo: dhana, watendaji, uwanja na watazamaji. Hata hivyo watazamaji hawa si wa kuketi na kupiga makofi. Wao ndio waamuzi, na huamua kwa miguu yao. Wakihama, ngoma imeshindwa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Bagalu, asili yake ni kilimo cha pamoja. Wakulima husimama kwa safu, ngoma hupigwa, na majembe hupanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Siku hizi twaiona zaidi viwanjani katika sherehe, majembe yakirushwa hewani mbele ya wageni. Je, kule shambani, ambako kila aliyepo analima, mtazamaji ni nani? Tukiifuata fasili ya 1976 neno kwa neno, bugobogobo ya shambani haimo katika sanaa za maonyesho, na ile ya kuwapokea wageni imo. Matokeo hayo hayakubaliki, kwani yanakipa kivuli cheo cha mwenye kivuli. Kasoro, kwa maoni yetu, imo katika sharti la nne, na neno "maonyesho" linaizidisha kwa kuwa lenyewe ladai mtu wa kuonyeshwa.

Tiba ya kasoro hiyo twaiona katika kazi ya Mlama mwenyewe. Kuanzia mwaka 1982, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu, akiwamo Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Wanakijiji walichunguza matatizo yao, likiwamo la wasichana kupata mimba, wakayajadili, wakayatia katika ngoma na michezo, kisha wakayajadili tena mbele ya kijiji kizima. Katika utaratibu huo mtazamaji wa saa hii ni mtendaji wa saa ijayo. Mpaka kati ya wawili hao ulikuwa umekwisha kuvukwa kwa vitendo, ingawa fasili ilibaki vile vile katika vitabu vya shule.

Hapa linazuka suala la istilahi ambalo si dogo. Kazi ya namna ya Malya huitwa na wengine "sanaa za maonyesho kwa maendeleo". Sisi twapendelea "sanaa za maonyesho za umma". Kiunganishi "kwa" chaweza kumaanisha kwamba maendeleo yamekwisha kuamuliwa mahali pengine, na sanaa imetumwa kuyapeleka. Kihusishi "za" chataja mwenye mali. Fikiria machimbo ya dhahabu ya Geita au Kahama. Kikundi kimoja kinapewa ujumbe ulioandikwa mjini juu ya madhara ya zebaki, nacho kinauimba. Kingine ni cha wachimbaji wadogo wenyewe, wake kwa waume, waliochunguza kwa nini zebaki inaendelea kutumika hali madhara yake yanajulikana, na ni nani afaidikaye. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Afisa akiziita kwa jina moja katika taarifa yake, ile ya pili itapotea ndani ya ile ya kwanza, na sauti ya wachimbaji itapotea nayo.

Lipo pia jambo la kusikitisha. Maelezo marefu ya Mlama juu ya kazi hii yamo katika kitabu chake cha mwaka 1991, kilichotolewa Uppsala kwa Kiingereza. Mwandishi aliyewapa Watanzania tamthilia kwa Kiswahili aliwaeleza wasomi wa nje habari za Malya kwa lugha ambayo wakulima wengi wa Malya hawaisomi. Hatumlaumu yeye peke yake. Ndivyo elimu ya juu ilivyopangwa. Lakini deni lipo, na wafasiri ndio wenye uwezo wa kulilipa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi "sanaa za maonyesho" ibaki, kwani imekwisha kuzoeleka, ila fasili yake irekebishwe, na badala ya "watazamaji" patajwe "washiriki", wawe ni wa kutenda, kutazama au kuamua. Pili, maneno kama mbina na bugobogobo yaingizwe katika orodha za istilahi za sanaa pamoja na maelezo yake kamili, yasifichwe chini ya neno "ngoma" ambalo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Tatu, walimu wafundishe mambo manne ya mwaka 1976 kuwa ni mlango wa kuingilia, si ukuta. Waandishi wake waliubomoa ukuta wa pazia. Itakuwa ni kutowatendea haki tukijenga mwingine kwa matofali yao.