Akwariomu nzuri, samaki wasiopatana

Wandugu, mu restora moja ya hapa Lubumbashi wameweka akwariomu ya lita 60 hivi karibu na mlango. Taa nzuri, mawe mazuri. Lakini kwa kuchagua wanyama, hapana kabisa.

Kuko Neolamprologus wa ziwa letu Tanganyika, waliozoea maji magumu, pH karibu 9. Wamewachanganya na neon wa Amazon, wanaopenda maji laini yenye asidi kidogo. Lazima upande mmoja uteseke. Na krevete wekundu je? Kwa Neolamprologus ile ni chakula tu.

Mimi ningetoa Neolamprologus wote, nibakize neon 10 na krevete, pH 7 hivi, na majani mengi ya maji, watoto wa krevete wapate kujificha.

Niliuliza serveri. Akajibu: "Krevete zinaishaka kila juma, patron analetaka zingine."