Inaoza, Lakini kwa Joto Gani?

Gunia la plastiki likichakaa shambani, nyuzi zake hazifi. Jembe huziibua msimu baada ya msimu, zimechanguka lakini bado ngumu. Kwa mkulima wa Obokote, mkoani Maniema nchini Kongo, anayefunga mpunga wake kwenye magunia hayo, uzi unaooza si anasa.

Wahandisi wamejaribu kuusokota kwa vitu viwili: mkonge, pamba au juti, pamoja na polima inayotokana na wanga wa mahindi, iitwayo PLA. Kuviunganisha kunahitaji ustadi. PLA huyeyuka kwenye nyuzi joto 170 hivi (nyuzi za kipimajoto, si za gunia), na mkonge huanza kuharibika ukikaribia 200. Ukisukuma vipande vya mkonge kwenye tundu jembamba la kutolea uzi, tundu huziba. Ndiyo maana wengi huchanganya nyuzi zikiwa kavu, kisha huzipasha joto ili polima iushike mkonge.

Ukizikwa, mkonge hunywa maji na kuvimba, na polima iliyoushika hupasuka. Kuvu na bakteria huingia kula selulosi ya mkonge. PLA hawaiwezi bado: maji lazima kwanza yaikate minyororo yake mirefu. Kwenye mboji ya kiwandani, yenye joto la 58 hivi, kazi hiyo huchukua miezi. Udongo wa Kindu, huko huko Maniema, una unyevu wa kutosha, ila joto lake ni la 25 hivi. Hapo PLA hukaa miaka.

Basi mtu huzika uzi, huufukua, huupima, huona uzito umepungua, huandika kwamba umeoza. Kilichooza ni mkonge! Mizani haijui nani kaondoka. Kipimo ninachokiamini ni hewa ya ukaa inayotoka: kiwango cha Ulaya EN 17033 cha 2018, kilichowekwa kwa ajili ya matandazo ya plastiki inayooza, kinataka asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa hiyo ndani ya miezi 24, kwenye udongo wa nyuzi joto 20 hadi 28. Hali hiyo inafanana na ya Maniema.

Polima ya PHB, inayotengenezwa na bakteria wenyewe, huliwa na vijidudu vya udongoni bila kungoja joto la kiwandani, ila bei yake ni kubwa. Kwa kufungia miche ya miezi mitatu nisingenunua yoyote. Kamba ya rafia inatosha. Kwa kazi ya misimu miwili, ningeanza na mkonge na PHB.